Sifa zinazofika dawati la nyuma: mwongozo kwa mwalimu wa darasa kubwa

Kaa nyuma ya darasa lolote la shule ya msingi Tanzania na utaona kwamba sifa hazikosekani. Mtoto akipata jibu, mwalimu anasema "mpigieni makofi", darasa zima linapasha viganja, pasha, pasha, pasha, kisha linamtupia. Kuna makofi ya kilo, kuna ya kuimba, na kila shule ina mtindo wake. Watoto wanachangamka na somo linaendelea. Lakini ukirudi siku ya pili na ya tatu utagundua makofi yanawaendea watoto walewale sita au saba wa madawati ya mbele, ambao hata wasipopigiwa kesho watanyoosha mkono. Waliobaki kazi yao ni kupiga.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayetaka sifa zake zifike dawati la nyuma. Kiwango kinachotajwa kwenye sera ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, ila tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 walimu wengi wa darasa la kwanza hadi la nne wanafundisha 80, 90, hata zaidi. Kwa hiyo yaliyomo humu hayahitaji bajeti wala chumba kipya. Yanahitaji daftari la mahudhurio, kalamu, na mwalimu aliyekubali kubadili sentensi zake chache za kila siku.

Hatua ya 1: Majina kwanza

Sifa ya mtu asiyejua jina lako haina uzito. Ni hivyo kwa mtu mzima, sembuse kwa mtoto wa miaka minane. Wiki ya kwanza ya muhula, chora ramani ya madawati kwenye karatasi moja: kila dawati, majina matatu au manne, na watoto wasihame hadi uwajue. Karatasi hiyo ikae mezani kila kipindi. Ukimwita mtoto, mwite kwa jina hata kama inabidi uchungulie kwanza. Hakuna atakayekucheka, na "wewe wa sweta iliyochanika" ni jina ambalo mtoto atabaki nalo mwaka mzima.

Kurudisha madaftari ni nafasi ambayo walimu wengi wanamwachia monita. Ichukue wewe, angalau mara mbili kwa wiki. Kila daftari unalolitoa mkononi linakulazimisha kutazama sura na kutamka jina, na baada ya wiki tatu majina themanini yanakaa kichwani bila kukariri. Uliza pia mtoto anapenda kuitwaje. Wapo walioandikishwa jina moja na nyumbani wanaitwa jingine, na hilo la kwenye rejista wanalisikia kama la mtu mwingine.

Baada ya jina, jua jambo moja la kila mtoto lisilohusu masomo: anaishi na nani, anatembea umbali gani, ana mdogo wake darasa gani, anashabikia timu gani. Hayo hayaulizwi kwa fomu. Yanapatikana ukiwa zamu getini asubuhi. Mtoto anasema "Shikamoo mwalimu", unajibu "Marahaba Rehema, bibi anaendeleaje?" na unaendelea na shughuli zako. Sekunde tano. Ila maswali ya baba yuko wapi, au kwa nini huna viatu, usiyaulize mbele ya wenzake hata kama nia yako ni kusaidia. Muite pembeni.

Hatua ya 2: Hesabu sifa zako kabla ya kuziongeza

Nakili orodha ya majina kwenye karatasi ya pembeni, usichafue daftari la mahudhurio lenyewe maana hilo hukaguliwa. Kwa wiki moja, kila ukimsifia mtoto kwa jina na kwa jambo mahususi, weka nukta mbele ya jina lake. "Vizuri darasa" haihesabiki. Makofi ya jumla hayahesabiki pia.

Ijumaa itazame hiyo karatasi. Walio mbele kitaaluma wana nukta nyingi, hilo ulilitegemea. Watundu nao wana chache, kwa sababu macho yako yako kwao muda wote na siku wakitulia unashusha pumzi na kulisema. Walio weupe kabisa kwenye karatasi ni wa katikati: mtoto anayekuja kila siku, anayepata tano au sita kwa kumi, asiyepiga kelele, asiyelia, ambaye mzazi wake hajawahi kuitwa. Mtoto huyu anaweza kumaliza darasa la saba bila mwalimu kumwambia sentensi moja inayomhusu yeye peke yake. Kwa maoni yangu ndiye anayepotea kimyakimya zaidi kuliko mtundu, na ndiye mwongozo huu unamlenga.

Kisha weka mpango. Watoto 90 kwa siku kumi za shule ni watoto tisa kwa siku. Chagua tisa asubuhi, weka alama ndogo kwenye majina yao, na siku hiyo uwatazame hao: wanavyoshika penseli, wanavyojibu, wanavyosaidiana. Hutengenezi sifa ya uongo, unatafuta ya kweli, na ukimtazama mtoto kwa makusudi siku nzima itaonekana tu. Katika wiki mbili darasa lote limeguswa, halafu unaanza upya. Mwenye watoto 45 anamaliza kwa wiki moja.

Kuna watakaosema sifa iliyopangwa si ya moyoni. Mbona andalio la somo limepangwa na hakuna anayelilalamikia?

Hatua ya 3: Sema alichofanya

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

"Vizuri", "safi sana" na "hongera" zina ladha tamu lakini hazimwambii mtoto kitu cha kurudia kesho. "Una akili sana" ni mbaya zaidi, ingawa kila mzazi anaipenda. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Columbia University, Marekani, walichapisha majaribio sita waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo, wakaambiwa wote kwamba wamefanya vyema. Baadhi waliongezewa kwamba wana akili, wengine kwamba lazima walijitahidi. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, na waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Walipotakiwa kuandika alama zao kwa ajili ya mtoto mwingine wasiyemjua, wengi zaidi kati yao walidanganya. Ukimwambia mtoto kwamba kufaulu kwake ni dalili ya akili, siku akifeli atajua dalili hiyo inasema nini.

Sasa chukua mfano wa darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Umeandika ubaoni 62 toa 38. Mtoto ameandika 36. Wengi wanaweka alama ya kosa na kwenda kwa mwingine. Tazama tena: alipofika kwenye mamoja aliona 2 na 8, akatoa kidogo kwenye kikubwa, akapata 6. Kwenye makumi, 6 toa 3, akapata 3. Hakubahatisha. Amepanga makumi chini ya makumi na mamoja chini ya mamoja, amehesabu bila kuteleza, ila hajui kwamba cha chini ndicho kinachotolewa kwenye cha juu. Sema hivyo hivyo: "Umepanga tarakimu zako vizuri, kila moja iko chini ya mwenzake. Na hesabu yako ya kutoa haina kosa. Sasa nionyeshe, hapa kwenye mamoja, tunatoa ngapi kwenye ngapi?" Mara nyingi mtoto mwenyewe ataguna, atafuta, ataenda kukopa kumi kwenye makumi. Akipata 24, usirukie makofi. Mwambie: "Umeliona kosa mwenyewe ulipolitazama mara ya pili." Hiyo ndiyo sifa atakayoitumia kwenye swali la pili na la tatu.

Kwenye kusoma ni vilevile. Mtoto anasoma "ngambo", anasita, anarudi, anasoma "ng'ambo". Walimu wengi husubiri afike mwisho wa sentensi ndipo waseme vizuri. Kilichostahili sifa kimetokea pale aliposita. "Ulisikia neno halijakaa sawa, ukarudi mwenyewe kulirekebisha." Wenzake nao wamesikia, na kesho utawaona watatu wanarudi nyuma kusahihisha maneno yao.

Umbo la sentensi ni rahisi: jina, kitendo, na kilichotokea kwa sababu ya kitendo hicho. "Salma, umemsubiri mwenzako amalize kusema, ndiyo maana tumemsikia." "Peter, jana uliandika nje ya mistari, leo herufi zote zimekaa juu ya mstari." Huhitaji kuongeza "nakupenda" wala "wewe ni nyota".

Na usitie chumvi. Eddie Brummelman na wenzake nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo watoto walichora picha, kisha baadhi wakaambiwa ni nzuri na wengine wakaambiwa ni nzuri ajabu. Watoto wasiojiamini waliopewa ile sifa kubwa ndio waliokwepa kazi ngumu baadaye. Ukimpandisha mtoto juu sana, anaogopa kushuka.

Vivyo hivyo "umejitahidi" isigeuke rambirambi. Mtoto aliyepata mbili kwa kumi, ambaye hakujitahidi na anajua hakujitahidi, ukimwambia amejitahidi amejua tayari kwamba umemkatia tamaa. Mwambie ukweli kwa sauti ya kawaida: "Hizi mbili ulizopata umezifanya kwa njia sahihi. Hizi nane umeziacha wazi. Njoo tufanye ya tatu pamoja."

Hatua ya 4: Daftari na wino mwekundu

Hakuna mwalimu wa watoto 90 atakayeandika maoni kwenye kila daftari kila siku, na anayekuagiza hivyo hajawahi kusahihisha rundo lile. Sahihisha kama kawaida, tiki na kosa. Lakini wale tisa wa siku hiyo waandikie mstari mmoja wa maneno. Badala ya "Jitahidi", ambalo tumeliandika miaka yote bila kusema ajitahidi nini, andika "Swali la 4 umeonyesha njia yote. Fanya hivyo na kwenye la 5." Kwa darasa la kwanza ambao hawajasoma bado, zungushia herufi moja iliyokaa vizuri kuliko zote kwenye ukurasa na umwonyeshe kwa kidole: "Hii. Niandikie nyingine tatu kama hii."

Ukosefu wa nafasi ya kupita kati ya madawati ni kweli. Basi waite tisa waje mezani kwako mmoja mmoja wakati wengine wanafanya zoezi. Nusu dakika kila mmoja inatosha.

Hatua ya 5: Mbele ya wenzake au pembeni?

Darasa la kwanza hadi la tatu wanapenda kusifiwa hadharani, wape. Kuanzia la tano mambo hubadilika. Mvulana wa miaka kumi na mbili akisifiwa mbele ya darasa kwa mwandiko mzuri, mapumzikoni ataitwa kipenzi cha mwalimu na wiki ijayo mwandiko utaharibika kwa makusudi. Kwa hao, inama karibu na dawati useme kwa sauti ya chini, au mstari kwenye daftari. Mtoto mwenye haya usimsimamishe ili kumpongeza. Kwake kusimama ni adhabu.

Jambo moja likome: sifa inayotumika kumchapa mwingine. "Mtazameni Rehema, ninyi mnashindwa nini?" Hapo hujamsifia Rehema, umemtafutia maadui themanini.

Hatua ya 6: Nidhamu, na suala la fimbo

Mwaka 1968 Madsen, Becker na Thomas huko Marekani walijaribu njia tatu za kutuliza darasa: kutangaza sheria, kupuuza utundu mdogo, na kusifia tabia njema. Sheria peke yake hazikubadilisha kitu cha maana. Kilichofanya kazi ni kusifia wanaofanya sawa huku ukipuuza vituko vidogo. Kwa vitendo: ukitoa agizo la kufungua daftari, usianze na wasiofungua. Taja wawili wa karibu nao: "Juma ameshafungua, ameandika na tarehe. Asha naye." Wale wa jirani watafungua kabla hujafika. Aliyekuwa mtundu akifungua, mtaje naye upesi, usimlipishe deni la jana. Utundu wa hatari, kupigana au kumdhalilisha mwenzake, haupuuzwi. Huo unausimamisha papo hapo.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu, lakini ni kwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Ile fimbo inayotembea na mwalimu kipindi kizima haimo kwenye kanuni hizo. Mimi naona na sifa inaipoteza: mtoto anayekuchunga mkono hasikii maneno yako, anapima umbali. Iache ofisini kwa mwezi mmoja uone.

Hatua ya 7: Zawadi na nafasi darasani

Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Wiki chache baadaye waliokuwa wameahidiwa walichora kwa hiari muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kutegemea hawakupoteza hamu. Basi ukiwa na kalamu mbili za kutoa, usizitangaze mwanzoni mwa wiki. Zitoe ghafla, na useme ni kwa kitendo gani.

Siku ya kufunga shule ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu utaratibu si wako peke yako. Watatu wa kwanza wanapewa madaftari mbele ya wazazi, na kuna shule zinazosoma hadi aliyeshika mkia. Mshawishi mwalimu mkuu aongeze kundi la waliopanda: aliyekuwa wa 71 akawa wa 48 naye aitwe mbele. Na aliyeshika mkia nafasi yake aisome mzazi kwenye ripoti, si umati mstarini.

Hatua ya 8: Mzazi

Mzazi akipigiwa simu na mwalimu, jibu la kwanza ni "Kafanya nini tena?" Tumewazoesha hivyo. Kila wiki chagua wazazi watatu na uwape habari njema, moja tu, fupi. "Mama Neema, leo Neema amesoma aya nzima bila kushikiwa mkono. Nilitaka ujue." Huna salio? Mwandikie kwenye daftari na umwambie mtoto aisome nyumbani kwa sauti. Kama mama hajui kusoma, atasikia sifa ya mwanawe kutoka kinywani mwa mwanawe, akisoma. Ukikutana naye sokoni, sema hapo hapo, wala usiunganishe na mchango wa uji anaodaiwa. Deni lina siku yake.

Siku utakapolazimika kumwita kwa tatizo, mtakuwa mnafahamiana.

Hatua ya 9: Sifa zikigonga mwamba

Wapo watakaoikataa. Unamsifia, anakunja uso, au anafuta kile ulichokisifia. Mara nyingi ni mtoto ambaye nyumbani sifa hutangulia kuombwa kitu, au hajawahi kuisikia na anadhani unamdhihaki. Punguza maneno, ongeza kazi ndogo za kuaminiwa: abebe chaki, agawe vitabu, amsaidie wa dawati la pili kusoma. Mshukuru kwa neno moja tu. Muda wa kutosha kwa mtoto kama huyu ni muhula, si wiki.

Kabla hujaamua mtoto hana ari, hakikisha anaona ubao. Mhamishe mbele siku tatu utazame kama anaandika tofauti. Mwite jina akiwa amekupa mgongo, utajua kama anasikia. Uliza amekula nini asubuhi. Kilaza wa darasa, kama wanavyomwita wenzake, mara nyingine anahitaji miwani tu, na hakuna sifa itakayomsomea ubao.

Desemba, kabla ya kukabidhi darasa, chukua ile karatasi ya nukta na uandike mbele ya kila jina mstari mmoja kwa mwalimu anayepokea: nini mtoto huyu anaweza, na anasifiwaje akasikia. "Huyu msifie pembeni." "Huyu akikosea hurudi mwenyewe, mpe muda." "Huyu haoni mbali, akae mbele." Majina 90 ni jioni mbili za kazi. Mwenzako ataanza Januari akiwa na kitu ambacho wewe kilikugharimu muhula mzima kukipata.